Je, Wajua? Siri za Jinzi Iliyochakaa, Kutoka Belo la Gikomba Hadi Suruali ya Sentimita 17

Kuna watu duniani wanaomshonea mwanasesere suruali ya jinzi, kisha wanaikwaruza, wanaichubua na kuipausha hadi ionekane imevaliwa miaka kumi. Kazi hiyo ina wapenzi wake Hong Kong, Japani, Ulaya na Marekani, ambako visanamu vya kukusanywa huvalishwa nguo za kitambaa halisi. Hata hivyo, elimu inayohitajika haiko mbali na mtu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Kutoka Gikomba hadi Soko la Uhuru, kutoka Kariobangi hadi Kayole, tunaishi na jinzi zilizovaliwa na wengine kabla yetu: tunazichagua, tunazipunguza kiuno, tunazitia rangi upya, tunazikata kaptura. Kuchakaa kuna sababu, na anayeijua sababu anaweza kuuiga uchakavu hata kwenye suruali inayoenea kiganjani. Haya hapa ya kujua.

Jinzi ni buluu kwa nje tu

Je, wajua kwamba uzi wa jinzi una moyo mweupe? Kitambaa chake hufumwa kwa nyuzi za aina mbili. Mtande, unaokwenda urefu wa kitambaa, umetiwa nili. Mshindio, unaokatiza upana, umeachwa mweupe. Mtande hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio kabla ya kuzama chini ya moja. Ndiyo maana suruali ni buluu nje na nyeupe ndani, na ukiisogeza karibu na jicho unaona mistari ya mshazari.

Nili yenyewe ina tabia yake. Haiyeyuki majini. Kiwandani hugeuzwa kwa kemikali ndani ya pipa hadi iyeyuke, na uzi ukitoka humo huwa wa kijani kinachoelekea manjano. Ukipigwa na hewa ndipo unapogeuka buluu, papo hapo. Uzi huchovywa na kuanikwa mara kadhaa, lakini rangi hubaki imejishikiza kwenye ganda la nje. Kila msuguo unalichubua ganda hilo kidogo, na weupe wa ndani unachungulia. Kwa hiyo jinzi haichujuki ovyo. Huchujuka zaidi pale inaposuguliwa. Shika kanuni hiyo, maana mengine yote yamejengwa juu yake.

Pwani ilivaa nili kabla ya jinzi kufika

Katika karne ya 19, merikani, pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani, ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu zilizoshushwa Zanzibar. Ilipotiwa nili ikawa kaniki, kitambaa cha buluu iliyokolea kuelekea weusi, ambacho kilivaliwa na wanawake watumwa na watu wa kazi za sulubu pwani na bara. Ng'ambo ya bahari, miji ya Bahla na Ibri nchini Oman ilisifika kwa mafundi wake wa nili.

Tazama ulinganifu wake: pamba na nili juu ya mwili wa mtu wa kazi ngumu. Upande wa pili wa dunia, viungo hivyo hivyo ndivyo vilivyomvika mchimba madini wa Marekani.

Ribiti zina umri wa zaidi ya miaka 150

Tarehe 20 Mei 1873, serikali ya Marekani ilitoa hataza nambari 139,121 kwa Jacob Davis, fundi wa nguo wa Reno, Nevada, pamoja na kampuni ya Levi Strauss ya San Francisco. Wazo la Davis lilikuwa rahisi: mifuko ya wafanyakazi ilikuwa ikichanika pembeni, akaikaza kwa ribiti za chuma. Hakuibuni suruali yenyewe. Alikitafutia dawa kiungo kinachochoka mapema.

Kwa mshonaji wa nguo ndogo, hiyo ni habari muhimu. Ribiti ipo mahali kitambaa kinapovutwa, na ukiiweka pasipo na mvuto, jicho la mtazamaji hulalamika hata kama mwenyewe hajui kwa nini. Ribiti ya kawaida ina upana wa takriban milimita 9. Kwa kisanamu cha kipimo cha moja ya sita, yaani kidogo mara sita kuliko mtu, hiyo ni milimita moja na nusu: kichwa cha pini kilichokatwa na kugandishwa kwa gundi kinatosha.

Kamera ni ya mvaaji, fagia ni ya fundi

Katika soko la mitumba la Gikomba, kando ya Mto Nairobi, nguo hupangwa mapema. Belo, yaani furushi la mitumba, likifunguliwa, za daraja la kwanza, yaani kamera, huchukuliwa na wateja waliodamka alfajiri. Zinazofuata hushuka bei hatua kwa hatua. Mwisho kabisa ni fagia, rundo la kuinamia na kuokota kwa bei ya kutupa. Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba mwaka 2019. Serikali ilipozuia uagizaji Machi 2020 kwa sababu ya korona, marufuku hiyo ilidumu hadi Agosti, na familia nyingi za Eastlands zinaikumbuka miezi hiyo kwa uchungu.

Kwa anayevisha visanamu, fagia ndiyo kamera. Kwenye kamera hakuna cha kusoma, kwa sababu nguo bado ni mpya. Kwenye fagia utapata goti lililotoboka, mfuko uliolegea, upindo ulioliwa kisiginoni.

Chukua hilo goti ulitazame vizuri. Tundu la jinzi halisi si tundu tupu. Limekatizwa na nyuzi nyeupe zilizolala upande kwa upande, kama zimesahauliwa na wembe. Sababu yake iko kwenye ufumaji: mtande wa buluu ndio uliokaa juu, ndio unaosuguliwa kwanza na kukatika kwanza. Mshindio mweupe ulikuwa umejificha chini, kwa hiyo unabaki. Asiyejua hilo huchukua makasi na kukata duara, na suruali yake haimdanganyi mtu.

Uchakavu unataja kazi ya mtu

Je, wajua kwamba suruali mbili za kiwanda kimoja zinaweza kuachana kabisa baada ya mwaka mmoja? Tofauti inaletwa na kazi. Mchomeleaji wa vyuma katika eneo la viwanda vidogo la Kariobangi hurukiwa na cheche mapajani na kwenye pindo. Pamba huungua bila kuyeyuka, kwa hiyo vitundu vyake ni vidogo, vya mviringo, na vina kingo za kahawia. Fundi wa magari hupangusa mikono mapajani, na grisi hukolea hapo kuliko magotini. Fundi wa Kamukunji anayefua bati akiwa ameketi chini huanza kuchakaza makalio. Kondakta wa matatu huingiza na kutoa mkono mfukoni kutwa nzima akirudisha chenji, na mdomo wa mfuko huo mmoja hupauka kabla ya wenzake.

Mchakazaji mzuri huanza kwa swali: kisanamu hiki ni nani, na anashinda akifanya nini? Asipokuwa na jibu, atakwaruza kila mahali sawasawa, na nguo itaonekana imeugua badala ya kuonekana imefanya kazi.

Tope linataja mtaa

Upande wa Kikuyu na Westlands, udongo ni mwekundu. Embakasi, Kayole, Umoja na Donholm zimekalia udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao kila aliyewahi kujenga msingi huko anaufahamu. Ukimvalisha kisanamu suruali yenye tope jekundu kwenye pindo na kusema ni kijana wa Kayole, mtu wa Nairobi atashuku.

Kuna jambo jingine kuhusu udongo huo: ukikauka juu ya kitambaa hauwi mweusi. Unakuwa wa kijivu, na vumbi lake ni la kijivu pia. Wenye kazi hii huchukua udongo wenyewe, wakaukausha, wakausaga, wakauchekecha kwa soksi ndefu nyembamba ili chembe ziwe ndogo kulingana na kisanamu, kisha wakaupaka kwa brashi. Doa la tope la milimita 12 kwenye suruali ya mtu ni la milimita 2 tu kwenye suruali ya moja ya sita. Likizidi hapo, linakuwa bonge la ugali.

Mshono wa jinzi uliwahi kufikishwa mahakamani

Mwaka 1996, majambazi waliofunika nyuso walivamia benki katika eneo la Spokane, jimbo la Washington, Marekani. Kamera za benki hazikunasa sura, zilinasa suruali. Mchunguzi wa FBI, Richard Vorder Bruegge, akailinganisha jinzi iliyokuwa kwenye picha na jinzi ya mshukiwa, akihesabu vijipande vyeupe na vya buluu vilivyopangana kando ya mshono. Utetezi ukamleta mfanyabiashara wa jinzi zilizovaliwa aje kupinga. Vorder Bruegge alichapisha njia yake mwaka 1999 katika jarida la sayansi ya uchunguzi wa jinai.

Alama hizo hutoka wapi? Fundi kiwandani anapolisukuma pindo chini ya sindano, kitambaa cha juu na cha chini haviendi kwa mwendo mmoja. Mshono unajikunja, unakuwa na vilima na mabonde madogo. Baada ya kuvaliwa na kufuliwa, vilima vinapoteza nili na mabonde yanaibakiza. Matokeo ni pingili za weupe na ubuluu, na zinaonekana waziwazi kwenye upindo wa mguu na mshono wa pajani.

Lakini jambo halikuishia hapo. Mwaka 2020, Sophie Nightingale na Hany Farid walichapisha utafiti uliopima njia hiyo, wakaonyesha kwamba picha mbili za mshono uleule zinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo si ushahidi wa kutegemewa kirahisi. Kwa mahakama, hilo ni onyo zito. Kwa fundi wa visanamu, pingili hizo bado ni dhahabu: akizichora kwa ncha ya msasa kando ya upindo, suruali inapata uhai ambao mkwaruzo wa ovyo hauwezi kuuleta.

Kitambaa hakikubali kupunguzwa

Barbie alizinduliwa New York tarehe 9 Machi 1959 akiwa na urefu wa takriban sentimita 29, na miongoni mwa mavazi yake ya mwaka huo wa kwanza ilikuwamo seti ya mandari yenye suruali fupi ya jinzi. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ikatoa G.I. Joe, mwanajeshi wa karibu sentimita 30. Wote wawili wako katika kipimo cha moja ya sita, kipimo ambacho hadi leo kinatawala visanamu vinavyovishwa nguo za kitambaa. Mtu wa sentimita 180 anakuwa wa 30. Suruali yake ya sentimita 102 inakuwa ya 17.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Unaweza kupunguza urefu na upana, lakini unene haupunguki. Denimu nzito ina unene wa karibu milimita moja. Kwa mtu wa sentimita 30, hiyo ni sawa na wewe kuvaa kitambaa cha milimita sita, yaani kutembea umejifunga zulia. Mshono wa ndani wa jinzi, ule uliokunjwa na kupigwa mara mbili, una tabaka nne. Kwa kipimo hicho ungekuwa na unene wa milimita 24.

Ndiyo maana mafundi wengi huiacha jinzi yenyewe wakatafuta shati. Shati jepesi la pamba lenye mtande wa buluu na mshindio mweupe huchakaa kwa tabia ileile ya jinzi, lakini ni jembamba na linakunjika. Kwenye meza za mashati Gikomba halikosekani. Kola na pindo za mikono za shati kuukuu zina faida ya ziada: tayari zimepauka kwenye mikunjo, na ukizikata kwa akili, mkunjo wa zamani unakuwa upindo wa suruali mpya.

Nyuzi nazo zina mgogoro wake. Mshono wa jinzi una hatua ya takriban milimita 3. Kwa moja ya sita ni nusu milimita. Cherehani nyingi za nyumbani hazishuki vizuri chini ya milimita moja. Basi fundi huchagua uzi mwembamba kuliko wote wa rangi ya machungwa, akafupisha hatua kadiri mashine inavyoruhusu, na sehemu zilizobaki akazishona kwa mkono. Kifungo cha milimita 17 kinakuwa cha milimita 3. Zipu hufungwa kwa kificho tu: mshono wa kuigiza mbele, na kibanio kidogo nyuma yake.

Suruali moja, visanamu vingi

Urefu ukigawanywa kwa sita na upana ukigawanywa kwa sita, eneo linagawanyika kwa 36. Kihesabu, kitambaa cha suruali moja ya mtu mzima kinatosha suruali 36 za visanamu vya sentimita 30. Kivitendo hupati zote, kwa sababu posho ya mshono haipungui kwa kiwango hicho na vipande vingine vina matobo. Hata hivyo, ukweli unabaki kwamba mtaji wa kitambaa ni mdogo mno. Katika Soko la Uhuru karibu na Jericho, ambako mafundi wengi hushona sare za shule na nguo za jumla, vipande vinavyoanguka chini ya meza vinatosha kumfunza mtu kazi hii bila kununua mita hata moja.

Kazi yenyewe mezani

Kwanza, pima kitambaa kwa moto. Chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti ukiwa umeushika kwa koleo. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kitambaa chenye punje kiweke kando, kwa sababu hakitachubuka vizuri.

Pili, kile cha pamba kifue kwa maji moto kitoe wanga na kusinyaa kabla hujakata. Tatu, shona nguo yote kwanza. Kosa la wengi ni kuchakaza kitambaa kabla ya kushona. Uchakavu hufuata vilima vya mshono, na kama mshono haujakuwapo, hakuna cha kufuata.

Nne, ilowanishe suruali, mvalishe kisanamu ingali mbichi, kisha umkalishe. Kunja magoti, sukuma mapaja, funga kwa uzi nyuma ya goti na kwenye paja, umwache akauke. Ukimfungua utakuta mikunjo imejiweka yenyewe: ile ya mapajani inayotawanyika kutoka kwenye zipu, na ile ya nyuma ya goti inayopishana. Hukuibuni; mwili wa kisanamu ndio ulioichora.

Tano, funga msasa laini kwenye kijiti cha kiberiti na usugue vilele vya mikunjo peke yake. Mabonde usiyaguse. Pita kwenye mdomo wa mfuko, ukingo wa zipu, magoti, makalio, na pingili za upindo. Simama kila baada ya misuguo michache na uitazame nguo kwa umbali wa mkono, kwa kuwa rangi iliyokwenda hairudi.

Sita, tundu. Kwa ncha ya wembe kata nyuzi za mtande tu, zile za buluu zinazokwenda juu na chini, kisha uzichomoe moja moja kwa sindano. Nyeupe zibaki. Weka tone la gundi ya kitambaa upande wa ndani kwenye pembe za tundu ili lisiendelee kufumuka.

Saba, umri. Jinzi kuukuu haina weupe wa theluji; ina umanjano. Loweka brashi kwenye strungi, yaani chai ya rangi, iliyopoa, ipitishe kwenye sehemu nyeupe na uache zikauke. Rangi ya viatu ya kahawia, ikipakwa kidogo sana kwa kitambaa kikavu, hutoa ule mng'ao wa grisi mapajani.

Jik huiua nili, na pamba pia

Dawa ya kupausha tunayoijua sana mitaani, Jik, ni hipokloriti ya sodiamu iliyochanganywa na maji. Haiondoi nili kwa kuisukuma nje. Inaivunja molekuli yenyewe, na mabaki yake yana rangi ya manjano. Ndiyo sababu jinzi iliyopaushwa kwa pupa huwa na umanjano usiopendeza. Kibaya zaidi, dawa hiyo inakula pamba, na elastani ya jinzi za kuvutika inakufa haraka. Kitambaa chembamba cha kisanamu hakina akiba ya kuliwa.

Itumie ikiwa imepunguzwa sana kwa maji, kwa brashi nyembamba, mahali pachache, kisha suuza vizuri. Watu huamini kwamba siki husimamisha kazi ya Jik. Usithubutu. Siki, au dawa ya choo yenye asidi, ikikutana na Jik hutoa gesi ya klorini, na chumba kimoja cha kupanga hakina hewa ya kutosha kukuokoa. Kinachosimamisha Jik kwa usalama, baada ya kusuuza, ni haidrojeni peroksaidi hafifu, ile inayouzwa famasini ya kusafishia vidonda. Fanya kazi hiyo nje, mbali na watoto.

Kuna jinzi zilizoua waliozichakaza

Kwa miaka mingi, viwanda vilichakaza jinzi kwa kuzipiga kwa mchanga uliorushwa na hewa ya kasi. Vumbi la mchanga huo lilikuwa na silika, na silika ikiingia mapafuni huacha makovu yasiyopona. Madaktari wa Uturuki waligundua vijana wengi wa viwanda hivyo wakiwa na ugonjwa wa silikosisi, na baadhi wakafa. Mwaka 2009 Uturuki ilipiga marufuku njia hiyo kwa nguo. Mwaka 2010 kampuni za Levi Strauss na H&M zikatangaza kuiacha.

Kazi ya kijiti na msasa haitoi vumbi la kiasi hicho, lakini inatoa. Anayeichukulia kwa uzito afunge barakoa, alowanishe meza, na asisugue nguo juu ya chakula. Hakuna mtindo wenye thamani ya pafu la mtu.

Mawe ya kusugulia miguu yaliwahi kubadilisha mitindo

Jinzi za kufuliwa kwa mawe zilizotamba miaka ya 1980 zilizungushwa kwenye mashine kubwa pamoja na mawe mepesi ya volkeno, jamaa ya lile jiwe tunalosugulia miguu. Mawe ya aina hiyo yapo pia katika Bonde la Ufa, kwenye miteremko ya Longonot. Baadaye vimeng'enya vinavyokula ngozi ya juu ya pamba vikachukua nafasi kubwa ya mawe, na leo miale ya leza huchora mikunjo kwa sekunde chache.

Jinzi mpya hushonwa hapa hapa kwetu pia. Kupitia sheria ya biashara ya AGOA ambayo Marekani ilipitisha mwaka 2000, viwanda vya Athi River na Nairobi vimeshona jinzi za majina makubwa, na kiwanda cha United Aryan kule Baba Dogo, Ruaraka, kimekuwa mfano wake. Hivyo basi, jiji moja lina mikono inayoizaa jinzi na mikono inayoipokea ikirudi imevaliwa. Ni elimu ya pande zote mbili, na inastahili kuheshimiwa kama elimu.

Uchakavu una bei

Mwaka 2022, suruali ya Levi's ya miaka ya 1880 iliyokutwa kwenye mgodi uliotelekezwa iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 87,000. Desemba mwaka huohuo, suruali ya kazi iliyotolewa katika mabaki ya meli iliyozama mwaka 1857 iliuzwa kwa dola 114,000, ingawa wataalamu walibishana kuhusu nani aliyeishona. Wanunuzi hawakulipia kitambaa tu. Walilipia pia alama za watu waliozivaa.

Kila jinzi imekunywa maji mengi

Utafiti wa kampuni ya Levi Strauss wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba suruali moja hutumia lita 3,781 za maji tangu shamba la pamba hadi mwisho wa maisha yake. Sehemu kubwa ni ya kukuza pamba, na inayofuata ni ya kufua nyumbani. Katika mitaa ambako maji hupimwa kwa mtungi wa lita 20, hiyo ni karibu mitungi 189. Kipande cha jinzi kinachochomwa jalalani kinachoma maji hayo pia. Kukipa mwili mwingine, hata mwili wa sentimita 30, ni kukitendea haki.

Miguu miwili haichakai sawa

Kosa linalomfichua mwanafunzi wa kazi hii ni ulinganifu. Amepausha goti la kulia, akalipausha la kushoto kwa kiasi hicho hicho. Ametoboa huku, akatoboa na kule. Binadamu hayuko hivyo. Ana mkono anaoutumia zaidi, mfuko anaoupenda, goti analolitanguliza chini akiinama kufunga gurudumu au kuokota kitunguu. Simu hukaa upande mmoja na kuchora pembe zake hapo. Kisigino kimoja hukanyaga upindo kuliko kingine.

Kwa hiyo kabla hujagusa msasa, chagua upande. Amua kisanamu chako ni mtu wa mkono wa kulia au wa kushoto, kisha uchakaze upande huo theluthi moja zaidi, na ule mwingine uuache nyuma. Nenda Gikomba siku moja, pita kwenye rundo la fagia, na uitandaze jinzi yoyote utakayoiokota: tazama mguu upi umechoka, na ujiulize kwa nini. Ukishaweza kujibu hilo kwa suruali ya mgeni usiyemjua, uko tayari kushona ya sentimita 17.